Mchimba Kisima na Njia ya Kushoto

Kwa miaka kumi na sita nimefundisha Kifaransa darasa la mwisho pale Beni, na kila mwezi wa kumi nina siku moja ninayoipenda kuliko Krismasi. Ni siku ya mjadala. Shule yetu ina nakala kumi na moja za riwaya moja ya zamani. Majalada yameng'oka, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya, hata mimi sijui tena jina lake kamili. Wanafunzi wanaiita kitabu cha Mchimba Kisima, basi. Ni habari za mtu wa nchi kavu anayetafuta maji. Anachimba visima saba, vyote vinatoa vumbi. Kwenye kile cha tano udongo unaanza kuporomoka. Yeye anaruka nje na kumwacha ndugu yake ndani. Anaenda kumwambia mama yake ukweli, mama anamfukuza, anaendelea kuchimba, na anafia ndani ya kisima cha nane bila kuonja hata tone. Swali letu ni lile lile kila mwaka: mtu huyu ni shujaa, au si shujaa?

Mimi nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nalitoa mwishoni, chaki mkononi, watoto wakiwa wamegombana saa mbili nzima na sauti zimewakauka. Si shujaa, nilikuwa nawaambia. Shujaa ni yule anayefika kwenye maji. Tena shujaa hamwachi mtu wake shimoni. Darasa lilikuwa linanyamaza kimya, na mimi nilikuwa napenda ule ukimya kupita kiasi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na wa kupenda sifa. Wanaonijua watakuambia, na hawatakuwa wananisengenya.

Mwaka huu siku ya mjadala iliangukia Jumanne, na Jumanne ilikuwa zamu yangu ya kwenda shambani.

Mshahara wa mwalimu kwetu hauhitaji maelezo. Kinacholisha nyumba yetu ya mtaa wa Beu ni shamba la kakao upande wa Mabalako, mbele ya Mangina, ambalo mke wangu Jokébed alirithi kwa baba yake. Na kakao ina masharti. Ukishapasua matunda, mbegu mbichi unazirundika, unazifunika kwa majani ya ndizi, na kila baada ya siku mbili mtu anakwenda kuzigeuza, mpaka siku ya sita. Usipozigeuza zinaoza, na mnunuzi anazikataa kwa kuzinusa tu. Watu wa mbali huuliza kwa nini tunarudi mashambani hata tukiambiwa kwamba waasi wameonekana. Wanadhani ni ujinga. Wangekuwa na rundo la kakao chini ya majani, na watoto wawili wanaosubiri viatu, wangeacha kuuliza. Sisi tulikuwa na la kwetu, limefikisha siku ya nne.

Jumatatu mchana nilimkuta Jokébed akichambua maharagwe, nikamwambia kesho nina mjadala. Aliuliza kama watoto hawawezi kugombana Jumatano. Nikamjibu kwa ukali kwamba ratiba ya shule si soko, mtu hapangi meza yake anapotaka. Ingewezekana Jumatano. Ingewezekana hata Ijumaa. Ni mimi tu sikutaka, kwa sababu nilikuwa nimeshaingoja siku ile na nguo nimeshapiga pasi. Alinitazama, akacheka kidogo, akaniita Prof kama anavyoniita akinitania, akasema basi atakwenda yeye. Alfajiri akapanda pikipiki na panga lake limefungwa kwenye gunia.

Mjadala ulikuwa mzuri, na ninaona haya kusema hivyo. Mwanafunzi mmoja, Providence, msichana ambaye familia yake ilikimbia kutoka Mabalako na wakabaki wanaishi kwa watu, alisimama akasema Mchimba ni shujaa. Nilimuuliza sababu, akasema:

"Juu alisema, Prof. Hakuna mutu alimuona. Angenyamaza tu. Lakini alienda kwa mama yake akasema."

Nikamuuliza kama kuna siku ukweli uliwahi kumtoa mtu shimoni. Darasa lote likacheka, naye akakaa, uso chini. Nikatoa jibu langu la kila mwaka, na ukimya wangu nikaupata.

Saa nane simu ikalia. Waasi walikuwa wameingia mashambani ng'ambo ya mto, wakapiga risasi, wakachukua watu, na wengine walikuwa wametawanyika porini. Jokébed hakuwa miongoni mwa waliofika barabarani. Nilimpigia. Simu yake iliita mara moja, ikakatika, na baada ya hapo haikuita tena. Jumatano wakaletwa Mangina watu watatu waliofunikwa mashuka, nikaambiwa niende nikawatazame. Nilifunua la kwanza, la pili, la tatu. Hakuwa yeye, nikamshukuru Mungu mbele ya wake za wale watu, mpaka mzee mmoja akanishika mkono akanitoa nje.

Askari walisema tungoje. Vijana wa pale walikataa kungoja. Kiongozi wao alikuwa Malachie, mwendesha pikipiki ambaye naye ana shamba upande ule, na Alhamisi asubuhi alikusanya wanaume kumi na wawili, wenye mapanga na mikuki. Sasa, kwetu kuna utaratibu. Watu wakienda kutafuta aliyepotelea shambani, mwenye shamba ndiye anayetangulia. Yeye ndiye macho. Akisema hapa, ni hapa. Hakuna anayebishana na mtu juu ya njia ya shamba lake mwenyewe, ingekuwa ni kumtukana. Kwa hiyo nilitangulia mimi, na viatu vyangu vya shule.

Tulitembea karibu saa mbili. Kisha tukafika pale njia inapogawanyika. Ya kulia inapanda mlimani, kwenye mashamba ya watu wengine. Ya kushoto inashuka bondeni, inavuka kijito, inafika kwetu. Mwanzoni mwa ile ya kushoto, kwenye tope, kulikuwa na alama za viatu vya mpira, nyingi, mpya, zote zinashuka. Kule chini moshi mwembamba ulikuwa unapanda katikati ya miti. Hakuna mkulima anayewasha moto shambani wiki kama ile.

Malachie alikuwa nyuma yangu hatua chache, bado hajayaona yale matope. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Prof, ni wapi?"

Nilijua ni wapi. Nilijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Na niliwaza, ndiyo, niliwaza kwa maneno kabisa: tukishuka pale tutakufa. Nikayakanyaga yale matope kwa kiatu changu, nikazivuruga zile alama, nikageuka, nikasema:

"Ni kuume."

Wakanifuata, wanaume kumi na wawili, hakuna aliyeuliza mara mbili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilituchukua mpaka saa sita mchana. Tulipita mashamba ya watu, tukachungulia chini ya vichaka, na kule juu mlimani, mahali ambapo nilijua hayupo, nikaanza kumwita. Jokébed. Mama Ananie. Niliita kwa nguvu zangu zote, na machozi yaliyonitoka yalikuwa ya kweli, wala sijui ni machozi ya aina gani. Vijana wengine walilia pamoja nami. Malachie alinishika bega akasema tumefanya yote, turudi, jua likizidi tutakuwa hatarini.

Jumamosi mke wangu akatokea barabarani. Alikuja kwa viwiko na goti moja. Risasi ilikuwa imempita kwenye mfupa wa mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, na siku nne zote alikuwa amelala chini ya gogo, karibu na kijito, akinywa maji yale yale, mpaka waasi walipoondoka. Waliopita na pikipiki walimfikisha Mangina, na kutoka Mangina akapelekwa Butembo, kwenye hospitali kubwa. Nilifika jioni ile, nikasikia harufu ya mguu kabla sijamwona mwenyewe. Wakaukata Jumapili asubuhi, chini ya goti. Daktari alinieleza kwa upole, hakuwa na nia mbaya yoyote. Alisema angefika siku mbili mapema, mguu ungebaki.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ni Alhamisi. Nilihesabu mara moja tu, na tangu siku ile sijaacha kuhesabu.

Sasa sikiliza mambo ya dunia. Malachie alikuwa ameshasimulia Beni nzima jinsi mwalimu alivyotangulia mbele ya wanaume wenye mapanga, yeye mikono mitupu, akimlilia mke wake mlimani. Niliporudi Beu kuchukua nguo na kuwaangalia watoto, majirani walinipokea wakiwa wamesimama. Kanisani, kwenye ibada ya jioni, mchungaji aliniita mbele, akasema ndugu zetu wanaume wajifunze kwa mwalimu Josaphat. Kina mama wakapiga vigelegele. Wahenga walisema kwa shujaa huenda kilio na kwa mwoga huenda kicheko; kwangu mimi walinichanganyia, wakaniletea sifa za mmoja na ngozi nzima ya mwingine. Nilisimama pale mbele, nikatazama sakafu, na wakasema ona unyenyekevu wake.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Wanafunzi walikuwa wameandika jina langu ubaoni kwa herufi kubwa, na chini yake neno héros, yaani shujaa, kwa chaki za rangi. Nilichukua kifutio nikafuta nikiwa nimekasirika, nao wakacheka kwa furaha, maana wanaijua hasira yangu. Baada ya kengele Providence alibaki. Alisimama karibu na meza akashika mkanda wa begi lake, akasema amefikiri, na jibu lake la mjadala anataka kulibadilisha.

"Nilikosea, Prof. Ulisema kweli. Shujaa haachi mutu wake mu shimo. Weye haukuacha wako."

Nilimwambia atoke. Nilimwambia kwa sauti mbaya, akatoka mbio. Kisha nikakaa kwenye kiti cha mwalimu, nikakilaza kichwa changu juu ya daftari za mjadala, na nikatamani kufa. Sisemi kwa kupamba hadithi. Nilitamani udongo uniporomokee pale pale. Msichana aliyepoteza kwao, niliyemfanya achekwe na darasa zima, alikuwa ametupa neno lake zuri na kuokota uongo wangu. Niliamua kesho yake nipande Butembo nimwambie Jokébed, na nikishamwambia nimwambie Malachie, na mchungaji, na darasa.

Hospitalini mgonjwa hulishwa na kuoshwa na watu wake, kwa hiyo niliomba ruhusa shuleni nikawa ninamuuguza mke wangu. Nilipika kwenye jiko la uani, nilifua, nilimbeba kwenda msalani na kumrudisha. Lakini kusema sikusema. Siku ya kwanza alikuwa na homa. Siku ya pili walikuja kaka zake wawili, wanaouza samaki Kyavinyonge, wakubwa wa mwili na wepesi wa ngumi, na wageni wengine wa kanisa la Butembo. Wakamuuliza ilikuwaje mume aliyekwenda kumtafuta asimpate. Nilikuwa nimeshika sufuria mlangoni.

Jokébed aliwajibu bila haraka. Alisema mume wake hajui vizuri njia ya lile shamba, kwa sababu yeye ndiye amekuwa akienda mara nyingi. Mwalimu ni mtu wa vitabu. Akasema pamoja na kutojua, alikuja. Kaka mkubwa alinigeukia, akanipa mkono, akaniambia wasingya, asante kwa Kinande chetu. Niliupokea ule mkono. Nilijisikia nimepona na nimeoza, vyote kwa wakati mmoja.

Siku tano niliishi kwa kisingizio kile. Anaamini sikuijua njia, nilijiambia. Nikimwambia nitamwumiza bure. Lakini kila nilipomfunga bandeji macho yangu yaliishia pale mguu ulipoishia, na nikawa silali, wala chakula hakipiti. Siku ya sita, saa nne asubuhi, nilikuwa nimemketisha uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, mimi nafua shuka zake ndani ya beseni. Hapakuwa na mtu karibu. Nikasema bila kuinua kichwa:

"Mama Ananie, ile njia niliijua."

"Najua," akasema.

Niliendelea kufikicha shuka. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

"Weye njo ulikata ile njia na panga yako," akasema, "mwaka nilikuwa na mimba ya Ananie. Utaisahau namna gani? Siku ya Alhamisi nilisikia sauti yako kule mulima ingine. Unaniita, unalia. Nikasema, amepotea kidogo, sasa anashuka. Nikavuta nguo nikaziba mudomo nisipige kelele, juu bale batu balikuwa bangali karibu. Nikangoja. Kisha sauti ikaenda."

Nililia. Nilipiga magoti pale kwenye maji ya sabuni, nikamwambia niliona alama za viatu, niliona moshi, niliogopa. Nikamwambia kwamba siku ile ya Jumanne mjadala ungeweza kusogezwa. Nikamwambia nitakwenda kwa Malachie na kanisani na shuleni, nitasimama mbele ya wote niseme, hata kaka zake nitawaambia, wanifanye wanachotaka. Nilisema mengi. Nadhani nilisema vizuri pia, ndiyo kazi yangu, na nilipomaliza nilikuwa tayari nimeanza kujisikia mwepesi.

Yeye aliningoja nimalize.

"Ukisha kusema kwa batu, weye utalala muzuri," akasema. "Na miye je?"

Nikaichukua tena ile shuka.

"Bakaka bangu batanikamata, banipeleke Kyavinyonge. Batoto babakie na nani? Kanisa itaniletea sabuni mara mbili, kisha itachoka. Muguu haitarudi." Alikuwa anasema polepole, akiangalia kitambaa alichokuwa amekikunja juu ya goti. "Mu siku nne chini ya ile muti nilifikiri mambo yote, Baba Ananie. Mushujaa, mwoga, ile ni masomo yako, fundisha batoto bako. Miye niko na lazima ya mutu wa kunibeba. Njo hivi nilibaambia haujue njia."

Nikamwomba anisamehe. Akatikisa kichwa, bila hasira yoyote, kama mtu anayeulizwa chumvi na nyumbani imekwisha.

"Ile usiniombe. Hapana."

Jua lilikuwa limeuvuka ukuta na limefika kwenye mkeka, na kidonda kikipata joto kinamwasha. Nilikausha mikono kwenye shati, nikaingiza mkono mmoja chini ya mapaja yake na mwingine mgongoni, nikamwinua. Alinishika shingo kwa nguvu maana bado anaogopa kuanguka. Kwenye baraza palikuwa na mama mmoja mzee akimlisha binti yake uji. Alitutazama tukipanda ngazi, akasimamisha kijiko, akamwambia yule binti atazame, ampate mwanaume kama huyu, kisha akatuuliza kama ndiye yule mwalimu wa Beni waliyemsikia.

"Ndiyo, mama, ni yeye," Jokébed akamjibu, uso wake ameugeuzia upande wa pili.